Uzi: Chakula kikavu cha mbwa cha bei ya juu na cha bei nafuu: tunalipia nini hasa?

Mfugaji wa Kibamba (mwanzisha uzi)

Ndugu wafugaji, swali la chakula kikavu cha mbwa huulizwa karibu kila mara kwa namna ileile: je, mfuko wa ghali unaotoka Ulaya au Afrika Kusini una faida ya kweli, au tunalipia picha ya mbwa aliyechanwa manyoya vizuri? Majibu nayo hugawanyika. Wapo wanaosema kwamba wazee wetu waliwalisha mbwa ugali wa dona na dagaa na nyumba zikalindwa, na wapo wanaomwona mtu asiyenunua mfuko wa ghali kuwa hampendi mnyama wake. Mimi nafuga na kuuza mbwa wa ulinzi, na chakula ndiyo gharama inayonikaba kuliko zote. Msimamo wangu ni kwamba bei ni kipimo dhaifu cha ubora, lakini unafuu nao una mpaka, na mpaka huo unaweza kusomwa kwenye mfuko wenyewe kama mfuko upo na una maandishi.

Nianze na maandishi hayo. Sifa kubwa zilizochapwa mbele ya mfuko, zile za kuita chakula cha daraja la juu au la juu kabisa, hazina tafsiri ya kisheria hata Marekani zilikoenea. Mtengenezaji yeyote anaweza kuziweka. Maneno yenye uzito huwa nyuma, kwa herufi ndogo, na hutamka kwamba chakula ni kamili na chenye uwiano kwa mbwa wa umri fulani. Nchini Marekani tamko hilo hufuata viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo, na Ulaya hufuata miongozo ya FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa chakula cha wanyama wa nyumbani. Mifuko ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo mingi katika maduka yetu, hubeba namba ya usajili inayoanza na herufi V chini ya Sheria Na. 36 ya mwaka 1947. Namba hiyo haithibitishi kuwa chakula ni kitamu wala bora kuliko vingine. Inathibitisha kuwa kuna mtu aliyekisajili na anayeweza kuulizwa.

Viwango vya AAFCO vinadai protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta yasiyopungua asilimia 5.5 kwa mbwa mzima, na asilimia 22.5 za protini pamoja na 8.5 za mafuta kwa mbwa anayekua, mwenye mimba au anayenyonyesha. Hapa wengi hukosea hesabu, kwa kuwa asilimia hizo hupimwa baada ya kuondoa maji yote, ilhali lebo huandika chakula kama kilivyo mfukoni, kikiwa na unyevu wa karibu asilimia 10. Chukua protini ya kwenye lebo, igawanye kwa 90, uzidishe kwa 100. Mfuko wa bei nafuu ulioandikwa protini asilimia 18 unakuwa na asilimia 20 za kweli. Kwa mbwa mzima umevuka mstari, kwa mtoto wa mbwa haujafika. Mfuko mmoja, kwa bei ileile, unatosha kwa mama aliyeacha kunyonyesha na hautoshi kwa watoto wake, na ndiyo sababu siwezi kumjibu mtu anayeuliza tu kama chakula fulani ni kizuri.

Jambo la pili ni pesa, na hapa nitaomba uvumilivu kidogo. Wauzaji wa mifuko ya ghali hupenda kusema kwamba chakula chao ni kizito, mbwa hula kidogo, hivyo mwishowe ni nafuu. Tukipige hesabu. Mbwa mzima wa kilo 25 ambaye hajahasiwa na hafanyi kazi nzito anahitaji takriban kilokalori 1,400 kwa siku; madaktari wa mifugo huipata namba hiyo kwa kuanzia na 70 mara uzito uliopandishwa kipeo cha 0.75, kisha kuzidisha kwa 1.8. Chakula chenye protini asilimia 26 na mafuta 16 hutoa karibu kilokalori 3,600 kwa kilo. Chenye protini 18 na mafuta 8 hutoa karibu 3,060. Mbwa yuleyule basi atakula gramu 390 za cha kwanza au gramu 457 za cha pili. Tuseme kwa mfano kilo ya ghali ni shilingi 10,000 na ya nafuu ni 5,000: kwa siku utatumia takriban shilingi 3,900 au 2,300. Tofauti imepungua kutoka mara mbili hadi mara 1.7, lakini haijatoweka, na kwa mwezi inakaribia shilingi 50,000 kwa mbwa mmoja. Kwa viwango hivyo vya nguvu, chakula cha ghali hakiwezi kuwa nafuu zaidi mpaka bei yake kwa kilo izidi ya kile kingine kwa chini ya asilimia 18 hivi. Anayekuambia vinginevyo anauza. Ni kweli kwamba chakula kinachosagika vizuri tumboni hupunguza kinyesi, na mwenye banda la mbwa wengi anajua thamani ya hilo kila asubuhi anaposhika ufagio, lakini tusiite usafi akiba ya pesa.

Mwisho kwa leo, bei haikingi na ajali ya kiwandani. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada iliondoa sokoni zaidi ya makopo na pakiti milioni 60 za chakula laini cha mbwa na paka baada ya wanyama kuugua figo, na baadaye gluteni ya ngano kutoka China ikagunduliwa kuwa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, na majina yaliyoguswa yalikuwa ya supamaketi za bei ya chini na ya bei ya juu kwa pamoja, kwa kuwa yote yalitoka katika viwanda vilevile. Chakula kile hakikuwa kikavu, lakini hoja ni ileile. Karibuni.

Mama Simba, Arusha

Shikamoo kaka, na asante kwa maelezo. Mimi nina mbwa wawili wa kawaida, hawa wa kienyeji, na sina uwezo wa kununua mfuko wa kilo 15 kwa mkupuo. Hununua kwa kupimiwa, kilo mbili au tatu kutoka kwenye kiroba kilichofunguliwa katika duka la pembejeo. Muuzaji ananiambia ni chakula kilekile cha kwenye mfuko. Je, kuna ubaya?

Mfugaji wa Kibamba (mwanzisha uzi)

Marahaba dada. Swali lako ndilo muhimu kuliko yote katika uzi huu, kwa kuwa Watanzania wengi hununua kama unavyonunua wewe, nami nitalijibu kwa urefu.

Unapopimiwa kwenye kiroba kilicho wazi unapoteza vitu kadhaa kwa wakati mmoja. Unapoteza lebo, kwa hiyo hujui kama ni chakula cha mbwa mzima au cha mtoto, wala hujui tarehe. Unapoteza namba ya toleo, ambayo ndiyo pekee ingekuwezesha kujua kama chakula chako kimo miongoni mwa vilivyoondolewa sokoni. Mafuta yaliyopakwa juu ya punje huanza kuchacha pindi yanapokutana na hewa, na vitamini kama A na E hupungua. Huku kwetu Pwani, ambako hata chumvi mezani hulowa, punje zilizo wazi huvuta unyevu haraka, na unyevu juu ya nafaka huleta ukungu.

Ukungu ndio unaonitia hofu. Vyakula vingi vya bei nafuu vinavyotengenezwa Afrika Mashariki hutumia mahindi, pumba, mashudu ya alizeti au ya pamba, soya na dagaa. Malighafi hizo si mbaya zenyewe. Lakini mahindi na mashudu ni makao ya sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, na ukanda wetu unaijua vizuri: mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ya chakula cha binadamu Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Mahindi yanayokataliwa kwa binadamu hayatupwi yote, na kila mfugaji wa kuku anajua huelekea wapi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi, ini ndilo linalobomolewa, na joto la kupikia haliiondoi sumu hiyo. Msidhani ni tatizo la kwetu tu. Desemba 2020 kampuni ya Midwestern Pet Foods ya Marekani iliondoa sokoni chakula kikavu kilichotokana na mahindi yenye sumukuvu, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipokea taarifa za vifo vya mbwa zaidi ya 110.

Kwa hiyo jibu langu, dada, ni kwamba mfuko mdogo uliofungwa wa chakula cha bei ya kati ni bora kuliko kupimiwa chakula cha ghali kutoka kwenye kiroba wazi, hata kama kwa kilo utalipa zaidi. Au tafuta jirani mwenye mbwa, mnunue mfuko mmoja na kuugawana siku hiyohiyo, na kila mmoja apige picha ya lebo na namba ya toleo.

Mkaazi wa Kitengela

Ndugu mwanzisha uzi, hapa Kenya kuna mtindo wa kuuziwa chakula kisicho na nafaka. Mwenye duka la agroveti alinieleza kwamba mbwa ni mbwamwitu, kwamba mahindi ni ya kujazia tu, na kwamba mfuko usio na nafaka ndio wa kweli. Bei yake inatisha. Naomba maoni.

Mfugaji wa Kibamba (mwanzisha uzi)

Hapo, ndugu yangu, bei ya juu inaweza kukununulia hasara. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwamwitu. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya binadamu yamewabadilisha. Mahindi yaliyopikwa vizuri kiwandani husagika tumboni mwa mbwa bila shida. Isitoshe, chakula kisicho na nafaka si lazima kiwe na nyama zaidi. Punje haziwezi kushikamana bila wanga, kwa hiyo mahali pa mahindi huwekwa njegere, dengu au viazi. Julai 2018 FDA ilitangaza kuwa inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka wakiwa wanalishwa vyakula vya namna hiyo, na Juni 2019 ikataja majina 16 ya vyakula yaliyojitokeza mara nyingi katika taarifa zile. Chanzo hakijathibitishwa mpaka mwisho, na mwishoni mwa 2022 mamlaka hiyo ilisema haitatoa tena taarifa za mara kwa mara hadi pawe na ushahidi mpya wa maana. Mimi sioni sababu ya kulipa zaidi ili niingie kwenye shaka.

Kuhusu orodha ya viambato, tahadhari moja. Viambato hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ya kuku ni maji kwa karibu asilimia 70. Kuku akitajwa wa kwanza, akishakaushwa huenda akashuka hadi nafasi ya nne. Unga wa nyama ya kuku unaotajwa wa pili au wa tatu, ambao watu huudharau, huwa umebeba protini nyingi zaidi kwa uzito wake. Na mfuko wenye jina la Kiingereza linalosema una kuku ndani, kwa kanuni za AAFCO, unatakiwa kuwa na asilimia 3 tu za huyo kuku. Vilevile msiogope ini, moyo na bandama vikitajwa. Tunakaa foleni jioni kununua supu ya utumbo, kisha tunataka mbwa ale minofu.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Naomba kuongeza mambo mawili kutoka kliniki, kwa kuwa mjadala umekwenda vizuri.

La kwanza ni ngozi. Huletwa mbwa wenye magamba na mabaka mekundu kuzunguka mdomo, macho, viwiko na nyayo, na mwenye mbwa ameshamwogesha dawa za ukurutu mpaka amechoka. Katika baadhi yao tatizo ni chakula. Nafaka na pumba zina faiteti, ambayo hukamata madini ya zinki na kuyazuia yasifyonzwe. Kalsiamu ikizidi, hali huwa mbaya zaidi. Ugonjwa huu ulielezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mbwa waliokuwa wakilishwa vyakula vya bei ya chini kabisa peke yake, na wengi walipona baada ya kubadilishiwa chakula tu. Huo ndio mpaka wa unafuu anaousema mwanzisha uzi: protini inaweza kutimia kwenye lebo huku madini yakiwa hayamfikii mnyama. Hata hivyo ukurutu wa kweli upo na ni mwingi, kwa hiyo ngozi ichunguzwe kwanza, hitimisho la chakula lifuate.

La pili ni kiasi. Kampuni ya chakula cha mbwa ya Purina ilifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Chakula kilikuwa kimoja kwa wote, ila nusu walipewa robo pungufu ya wenzao. Waliopunguziwa waliishi wastani wa karibu miaka 13, wenzao miaka 11.2, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Sijaona chapa ya chakula iliyowahi kuonyesha faida ya ukubwa huo dhidi ya chapa nyingine. Mbwa wa geti asiyekimbia, anayelishwa chakula cha ghali chenye mafuta mengi kwa kipimo cha jicho, atanenepa na kuugua kwa gharama kubwa. Mbavu zipapaswe kwa kiganja: zisionekane kwa mbali, lakini zisihitaji kutafutwa kwa kubonyeza.

Mzee wa Tanga

Nyote mmesahau kwamba ugali na dagaa bado vipo. Mbwa wangu hawajui punje, na wana afya.

Mfugaji wa Kibamba (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee. Hatujasahau, na dagaa wana sifa moja ambayo nyama ya steki haina, kwamba huliwa na mifupa yao, hivyo huleta kalsiamu pamoja na fosforasi. Mbwa mzima wa kienyeji anayezurura na kujiongezea vyake anaweza kuishi vizuri kwa chakula hicho. Mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa hawezi, na hapo ndipo ninapotumia pesa bila kusita.

Kwa mbwa atakayefikia kilo 32 au zaidi, viwango vya AAFCO vinaweka kalsiamu kati ya asilimia 1.2 na 1.8 ya chakula kilichoondolewa maji yote katika kipindi cha kukua. Kwa mbwa wadogo mpaka wa juu ni 2.5. Ikipungua mifupa hulegea, na ikizidi pia mifupa na viungo hukua vibaya, kwa sababu mtoto wa mbwa hana uwezo mzuri wa kukataa kalsiamu inayozidi. Nimeona watu wakimnunulia Boerboel mdogo, mbwa wa mbegu kubwa ya Afrika Kusini, chakula kizuri cha watoto kisha wakamwongezea unga wa mifupa ili awe na miguu minene. Wanaharibu walicholipia. Tafuta mfuko unaotamka kwamba unafaa kwa ukuaji, pamoja na ukuaji wa mbwa wa mbegu kubwa, na usiongeze kitu.

Mama Simba, Arusha

Kaka, kwa hiyo mtu mwenye kipato kama changu afanye nini hasa? Nimesoma yote na bado natakiwa kwenda dukani Jumamosi.

Mfugaji wa Kibamba (mwanzisha uzi)

Dada, kwa mbwa wako wawili wazima wa kienyeji, usinunue cha ghali. Chukua mfuko uliofungwa wa bei ya kati au hata ya chini, mradi una tamko la kuwa chakula kamili kwa mbwa wazima, protini isiyopungua 18 kwenye lebo, jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe iliyo mbali. Kama umetengenezwa hapa nchini, tafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na umuulize mwenye duka mzigo uliingia lini. Mfuko wenye madoa ya mafuta kwa nje au wenye vumbi la punje zilizosagika uache hapohapo. Ukifika nyumbani uache ndani ya mfuko wake, ukunje mdomo, uuweke katika ndoo yenye kifuniko mahali pasipo jua, na umalize ndani ya wiki sita hivi; wa Pwani wasifike huko.

Usiwabadilishie ghafla. Changanya kidogo na cha zamani, ukiongeza taratibu kwa siku saba hadi kumi, la sivyo watahara na utakilaumu chakula kisicho na kosa. Pima kwa kikombe kilekile kila siku. Baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili tazama mbavu, manyoya na kinyesi. Vikiwa sawa, pesa iliyobaki ipelekee chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe, ambavyo kwa mbwa wa Arusha vina faida kuliko kupanda daraja la mfuko. Ukiona magamba usoni au harufu ya mafuta yaliyochacha ukifungua ndoo, acha kukitumia siku hiyohiyo, hifadhi lebo, na umwone daktari wa mifugo wa kata yako.

Mama Simba, Arusha

Nimeelewa. Jirani amekubali tugawane mfuko wa kilo 8. Nitapiga picha ya lebo na kuiweka hapa mwisho wa juma ili mnisaidie kuisoma.